Jogoo wetu amependwa kuliko mkewe: tumekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninaandika mchezo wa kuigiza wa redio ya jamii, dakika 15 kila Jumanne na Alhamisi. Mhusika wetu Jogoo ni dereva wa daladala mwenye mke na watoto watatu, lakini pesa zake zinaishia kwa wanawake wa nje. Tulikusudia watu wamkimbie. Sasa vijana wa stendi wanasalimiana kwa kauli yake, "Sichelewi mie, nasubiriwa!" Mkewe hana anayemuulizia; msikilizaji mmoja alituandikia kwamba mwanamke huyu "analalamika mno". Tumefika sehemu ya 31 na wenzangu wanataka Jogoo afe kwa ajali sehemu ya 40 ili watu wapate funzo. Ni sawa? Na hivi kweli mchezo unaweza kumbadilisha mtu, au tunaburudisha tu?

JIBU: Marahaba. Msimuue.

Kabla sijaeleza, usivunjike moyo. Haya yamewakuta hata waandishi waliokuwa na wataalamu na fedha nyingi kuliko ninyi. Mwaka 1984 televisheni ya taifa ya India ilianza kuonyesha mchezo wa Hum Log. Ndani yake alikuwemo Bhagwanti, mama anayeonewa nyumbani kwake akanyamaza, na aliandikwa awe onyo. Watafiti walipowauliza watazamaji, wengi walimtaja yeye kuwa mfano wa kuigwa. Marekani nako kulikuwa na Archie Bunker, baba mbaguzi aliyeandikwa ili ubaguzi wake uchekwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kuwa watazamaji waliokuwa na ubaguzi wao wenyewe walimwona ni mtu anayewasemea.

Moyo wa msikilizaji haumfuati mwenye haki. Humfuata anayetaka jambo na kuhangaika kulipata. Jogoo anataka, anapanga, anakaribia kufumaniwa, anaponea chupuchupu, na sisi tunaponea pamoja naye. Tukishashusha pumzi tumeshakuwa upande wake, hata kama akili inajua ni mkosaji. Mkewe je? Katika barua yako yote hukunitajia hata jambo moja analolitaka. Yupo ili amjibu mumewe. Ndiyo maana anasikika analalamika: mtu ambaye hatujui haja yake, kilio chake ni kelele tu masikioni mwetu. Kosa hilo ni la mwandishi, msikilizaji msimlaumu.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu redio hasa. Mwaka 1956 watafiti Horton na Wohl walieleza jinsi watu wanavyojenga urafiki wa upande mmoja na wanaowasikia na kuwaona hewani. Sauti inaingia jikoni mara mbili kwa wiki, saa ileile, mpaka mwenyewe anakuwa kama jirani. Jirani mcheshi tunamsamehe mengi. Na mtu aliyezama kwenye hadithi hapimi kama anavyopima hotuba: watafiti Green na Brock walionyesha mwaka 2000 kwamba waliozama zaidi waliona kasoro chache zaidi katika simulizi, na kuambiwa kuwa ni ya kweli au ya kubuni hakukubadilisha lolote. Kwa hiyo msitegemee kwamba msikilizaji atajikumbusha mwenyewe kuwa Jogoo ni mfano mbaya.

Sasa hiyo ajali. Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Siku mtakayomzika Jogoo, wasikilizaji watafanya wanachofanya kwenye matanga yoyote: watakumbuka ucheshi wake, watamwombea, na mtakuwa mmemsafisha kwa mikono yenu. Halafu ajali haina kinga, hata wacha Mungu wanapata ajali. Hakuna atakayeunganisha gari lililopinduka na pesa alizowanyima wanawe.

Linganisha na mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori, naye alikuwa mpenda wanawake. Lakini yaliyomfika yalitoka katika mwenendo wake: aliambukizwa virusi vya UKIMWI, akaugua. Na pembeni alikuwepo mkewe Tunu, mwanamke aliyeamua kujitegemea, si wa kulia tu. Wasikilizaji walikuwa na mahali pengine pa kuweka mioyo yao.

Mchezo huohuo unajibu swali lako la mwisho, kwa sababu ulipimwa kwa namna ambayo michezo michache imepimwa. Hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine badala yake, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha eneo lililousikia na lisiloupata. Walikosikia, uzazi wa mpango uliongezeka, na pia watu waliripoti kupunguza idadi ya wapenzi na kutumia zaidi kondomu. Mimi napenda zaidi walichogundua kuhusu njia yenyewe: mazungumzo. Waume na wake walianza kuzungumza yale waliyokuwa wakiyanyamazia, kwa kisingizio cha Mkwaju.

Rwanda inatufundisha zaidi, na inatuwekea mpaka. Musekeweya, mchezo wa redio wa maridhiano ulioanza mwaka 2004, ulichunguzwa na Betsy Levy Paluck. Kwa mwaka mzima vikundi fulani viliusikiliza huku vingine vikisikiliza mchezo wa masuala ya afya. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona wenzao wanatarajia waishi, na jinsi walivyotenda. Mwishoni kila kikundi kilipewa kaseti na betri za kutumia pamoja. Waliousikiliza mchezo wa maridhiano walielekea zaidi kujadiliana na kuvisimamia kwa pamoja, badala ya kumwachia kiongozi mmoja. Kwa hiyo usiahidi kwamba utamgeuza mlevi wa mapenzi kwa sehemu 40. Unachoweza ni kubadilisha kile ambacho stendi nzima inakiona ni cha kawaida, na hilo si dogo hata kidogo. Ndiyo sababu salamu ile inanitia wasiwasi kuliko ujumbe mnaotumiwa.

Basi kauli hiyo msiifute. Vijana wataiendeleza bila ninyi. Ihamisheni. Kuanzia sehemu ya 32, toeni maikrofoni kwenye daladala. Tukae na mkewe usiku, chakula kikiwa kimefunikwa, na tujue anataka nini: labda ana mtaji mdogo aliouficha kwenye kopo la unga, na kesho asubuhi ni siku ya kulipia meza sokoni. Anahesabu noti. Mtoto wa kati anaamka kuuliza baba yuko wapi. Mwacheni afikirie, asite, akosee hata. Mhusika anayeyumba kati ya njia mbili ndiye msikilizaji huyumba naye, kuliko yule aliyekwisha kuwa mwema toka sehemu ya kwanza. Msimwekee hotuba.

Kisha mlango ugongwe. Jogoo aingie akicheka na kauli yake ileile, "Sichelewi mie, nasubiriwa!" Asijibiwe. Sekunde nne za ukimya, ambazo kwenye redio ni nyingi, halafu tusikie kifuniko cha kopo kikifungwa.