Transjenda Marekani: jeshi au zimamoto?

Dada, umeuliza kama mdogo wako transjenda aliyeko Marekani ajaribu jeshi au zimamoto. Jeshini walifunguliwa mlango 2016, ukabanwa 2019, ukafunguliwa tena 2021, kisha Mei 2025 Mahakama ya Juu ikaruhusu marufuku mpya itekelezwe huku kesi ikiendelea. Inauma, maana wapo waliotumikia miaka mingi kwa heshima. Akijaribu jeshi, asifiche kitu kwenye fomu za afya.

Mimi ningemwelekeza zimamoto. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2020, uitwao Bostock, unamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kuwa transjenda. Aanze mapema mazoezi ya kupanda ngazi na mzigo: CPAT, mtihani wa uwezo wa mwili unaotumiwa na idara nyingi za zimamoto, una vituo vinane kwa dakika 10 na sekunde 20, fulana ya kilo 23 hivi mwilini, na kipimo ni kimoja kwa wote.