Swali la lugha: Kompyuta ikijibadilishia mandhari

SWALI: Ninaandaa maelezo mafupi ya kuwasaidia wenzangu kazini. Kichwa nilichoandika ni "Jinsi ya kuzuia mfumo endeshi kubadilisha mandhari kiotomatiki". (Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta; mandhari hapa ni rangi na sura ya skrini.) Mwenzangu mmoja amekisahihisha kuwa "kuzuia mfumo endeshi usibadilishe". Mwingine anapinga: eti kuzuia ni kukanusha tayari, kwa hiyo "kuzuia usibadilishe" ni sawa na kuuruhusu ubadilishe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wa kwanza. Kiswahili kikizuia hutaja matokeo yanayotakiwa, na matokeo hayo huja katika ukanushi: alimzuia asiondoke, wamekatazwa wasiingie, mshike asianguke. Huyo wa pili amebeba hesabu za darasani, hasi mara hasi ni chanya, akazileta pasipoombwa. Mwulize anafanyaje na "kabla hajafika". Kwa hesabu zake, mgeni huyo yuko sebuleni tayari. "Kuzuia kubadilisha" nako kunaeleweka, ila kunanuka tafsiri.

Swali limekwisha. Sasa tuje kwenye neno ambalo hakuna kati yenu watatu aliyelitilia shaka: kiotomatiki.

Kiambishi ki- cha namna kinajua kazi yake. Mtu hulia kitoto, hupigana kishujaa, huongea kiungwana, huvaa Kizungu. Nyuma ya kila neno hapo yupo mtu tunayemjua, na tendo linafuata mwenendo wake. Nyuma ya "kiotomatiki" yupo nani? Anayelisikia mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba Waotomatiki ni watu wa mahali fulani, wenye mila zao na namna yao ya kubadilisha mandhari.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki cha kale, automatos, yaani kinachotenda chenyewe, nalo limetufikia kwa mkono wa Kiingereza. Likisimama kama kivumishi sina neno nalo: gia ya otomatiki, mashine ya otomatiki, na iwe hivyo. Ugomvi wangu unaanza linapovamia kitenzi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakikupungukiwa na kitu.

Tazama mlango. Ukiuacha bila komeo, upepo ukavuma, unasema umefunguka. Hukumtaja mtendaji, na hakuna aliyeona pengo. Ukitaka kusisitiza kwamba hapakuwa na mtu, unasema umefunguka wenyewe. Akipita mtu akausukuma, umefunguliwa. Ukiwa umepinda kidogo, ukarudi taratibu hadi kwenye fremu, umejifunga. (Usije ukasema umejifungua, majirani watakuja kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.) Mlango ni ule ule mmoja, na kwa kugusa mkia wa kitenzi tu, au kupachika ji- mbele yake, umeshaeleza nani kafanya nini. Sasa sema "mlango umefunguliwa kiotomatiki". Ni upepo? Ni mota? Ni mtu aliyejificha nyuma yake? Umelisoma neno la silabi sita na hujaambiwa lolote. Mbaya zaidi, "umefunguliwa" kumeshatangaza kwamba aliyefungua yupo, halafu "kiotomatiki" kunadai hayupo.

Na bado sijagusa umbo ninalolipenda kuliko yote: ji- mbele, -ia nyuma. Anajisemea. Anajiamulia. Amejiendea zake. Amejichukulia. Humo mna tendo, mna mtendaji, na mna lawama: kafanya kwa hiari yake, hakumwuliza mtu. Kompyuta inajibadilishia mandhari. Hicho ndicho ulichotaka kusema tangu mwanzo, ndugu msomaji, na hasira yako imo humo humo ndani ya kitenzi. Ulipoandika "kiotomatiki" hasira ikakauka, ukabaki unasikika kama karatasi inayokuja ndani ya boksi la pasi.

Utaniambia haya ni mapambo ya wanaisimu. Haya basi, jaribu kuitengeneza hiyo kompyuta bila kujua kitenzi chake.

Kama ni Mac, kompyuta ya Apple, yenye mfumo endeshi wa macOS Catalina wa 2019 au toleo la baadaye, sehemu ya mwonekano katika mipangilio ina machaguo matatu, la mwanga, la giza na la otomatiki, na ukichagua hilo la otomatiki mandhari huwa nyeupe mchana na nyeusi usiku. Tena ina adabu yake: kwa kawaida husubiri uiache walau dakika moja bila kuigusa. Ndiyo maana unainuka kitini skrini ikiwa nyeupe, na ukirudi unakuta giza limeingia. Hapo mandhari inabadilika yenyewe, kwa ratiba uliyoiridhia mwenyewe. Rudi pale pale, chagua moja kati ya mwanga na giza.

Kama una Windows 10, mfumo endeshi wa Microsoft, kwenye kompyuta mbili za akaunti moja, na jana ulichezea mandhari ya ile ya nyumbani, basi ya kazini haikubadilika, imebadilishwa, na mshukiwa ni wewe. Windows 10 ilikuja na swichi ya kusawazisha mipangilio baina ya kompyuta, yaani ukibadilisha kwenye moja na nyingine inafuata, mandhari ikiwemo. Izime. Kama kinachogeuka ni rangi za madirisha tu, huenda umeziruhusu zichaguliwe kutokana na picha ya nyuma, nazo picha zinapokezana. Rangi inafuata picha. Ingia kwenye mipangilio ya rangi, uchague kwa mkono.

Lakini iliyokuwa ikijibadilishia hasa ni Windows 7, ile ya 2009. Kumbukumbu ikipungua, au ukifungua programu isiyopatana na Aero, ule mwonekano wake wa madirisha yanayong'aa kama kioo, iliyavua madirisha vioo vyake vyote, ikarudi kwenye sura ya kawaida, kisha ndipo ikakuletea taarifa. Dawa yake haikuwa kwenye rangi hata kidogo. Ulitakiwa uifunge ile programu, au uiongezee mashine kumbukumbu.

Kote huko "kiotomatiki" kungetosha, na msomaji wako angezunguka mipangilio yote akitafuta pa kubonyeza.

Kichwa chako, kwa hiyo: "Jinsi ya kuuzuia mfumo endeshi usijibadilishie mandhari". Wakubwa zako wakiona ni kikali, andika "usibadilishe mandhari bila kuagizwa". Ukipendelea -enyewe, uache huo "mfumo" mahali pake, maana "mfumo usibadilishe mandhari wenyewe" kunaonyesha mhusika, ilhali "kompyuta isibadilishe mandhari yenyewe" kunababaisha: kompyuta yenyewe, au mandhari yenyewe?

Najua sitashinda. Neno limeshachapwa kwenye vitufe vya simu na kompyuta kila mahali, na kitufe hakisomi safu hii. Ukikikuta kimeandikwa "Kiotomatiki", usigombane nacho. Bonyeza cha jirani yake, mandhari itatulia.