Ningu wa Kagera na ningu wa Sio
Ndugu, umeuliza kupima DNA (vinasaba) ya samaki aitwaye ningu kutamsaidia nini mvuvi wa Kasensero, kwenye mlango wa mto Kagera, Uganda. Sana tu! Ningu hukaa Ziwa Victoria, na mvua zikianza hupanda mitoni kutaga. Nyavu za kuwavizia kwenye milango ya mito ndizo zilizowapunguza karne iliyopita, kabla sangara hajatawala. Ziwani, kwa macho, huwezi kujua nani katoka mto gani. DNA ya kipande cha pezi inaweza kuonyesha kama ningu wa Kagera na wa Sio, mto wa mpakani mwa Kenya na Uganda, ni koo mbili zisizozaana. Zikiwa mbili, kufunga uvuvi Kagera hakuwaokoi wa Sio, na vifaranga vya ningu waliozalishwa bwawani visimwagwe ovyo mto wowote, koo zisije zikachanganyika. Kanada hupima hivyo samoni wa mto Fraser msimu ukiendelea, ndipo waamue kufungua uvuvi au kuufunga.