Re: Pampu ya haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo) iwake masaa yote?
Hapana mkuu, kama mfumo wako ni ule wa pampu kujaza maji kwenye beseni la mimea kisha yanarudi kwenye ndoo, ukiiacha iwake muda wote mizizi inakosa hewa inaoza. Weka taima, kama umepanda kwenye kokoto dakika 15 mara 3 au 4 kwa siku zinatosha, joto likizidi ongeza. Pampu ikizima maji yanarudi yenyewe kwenye ndoo kupitia bomba lilelile la kupandishia ila ndoo lazima ikae chini ya beseni, na bomba la kuzuia maji yasimwagike liwe nene kuliko la kupandishia, hapo usibane matumizi maana taima ikigoma sebule yote inaogelea 😂 Ndoo ifunike isipate mwanga itaota ukijani, pH (kipimo cha uchachu) ya maji iwe 5.5 mpaka 6.5. Na kwenye mbolea, urea peke yake usithubutu.