Gemu imekuwa nzito ghafla baada ya apudeti: usikimbilie kubadili bodi, angalia draiva kwanza

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina laptopu ya gemu nilinunua used, i5 kizazi cha 9, RAM GB 8, ina kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya GB 4. GTA V nilikuwa nacheza vizuri tu, fremu 60 kwa sekunde kwenda juu na setingi zangu za juu juu. Juzi Windows ikajipiga apudeti usiku, asubuhi nafungua gemu inatembea kwa fremu 15 mpaka 20, gari ikikata kona picha inaganda. Nimeshusha setingi mpaka mwisho lakini wapi. Fundi wa hapa mtaani Morogoro kasema kadi imekufa, anataka afungue bodi aipashe moto chipu, na hela anayotaka sio ndogo. Jirani yangu yeye anasema niongeze RAM. Nishauri kaka.

JIBU: Salama mdogo wangu. Laptopu usimpe mtu aifungue kwanza, na RAM usinunue bado. Nakwambia hivi kwa sababu ya neno moja tu ulilosema, kwamba jana yake ilikuwa nzima na asubuhi baada ya apudeti ikawa mbovu. Vumbi halijai kwenye feni kwa usiku mmoja, RAM haipungui kwa usiku mmoja, na kadi ikifa mara nyingi inakupa dalili, mistari kwenye kioo, rangi kuvurugika, mashine kuzima ghafla ukiwa katikati ya gemu, we hujataja hata moja. Kitu kinachobadilika usiku mmoja ni programu, na kwenye apudeti za Windows huwa zinakuja na draiva za grafiki ndani yake bila kukuuliza.

Draiva ni kama mkalimani kati ya Windows na kadi, mkalimani akiwa hajui lugha ya mmoja wao basi kadi inakaa tu pale haina kazi hata kama ni nzima kabisa. Na laptopu kama yako ina kadi mbili, hili ndo watu wengi hawalijui, kuna ile ya Intel UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa na kuna hiyo GTX 1650 iliyo peke yake. Draiva ya NVIDIA ikivurugika, mara nyingi Windows haikupi hata ujumbe, inachukua kazi yote inaitupia Intel, gemu inafunguka kama kawaida ila inajikokota. Fremu 15 mpaka 20 unazosema wewe ndo harufu ya Intel kabisa. Na GTA V ilivyotoka kwenye kompyuta 2015 wenyewe walipendekeza GTX 660 ya GB 2, kadi yako iko juu ya hiyo, kwa hiyo haiwezekani ishindwe wakati umeshusha setingi zote.

Sasa tuhakikishe, tusikisie. Chomeka chaja, maana kwenye betri laptopu yoyote ya gemu inabana nguvu na utapata majibu ya uongo. Fungua gemu, ingia kabisa ndani mpaka unaendesha, halafu bonyeza Alt na Tab utoke, bonyeza Ctrl Shift Esc ije Task Manager, nenda Performance. Shuka chini upande wa kushoto utaona GPU 0 na GPU 1, jina la kila kadi limeandikwa hapo. Kama Intel imejaa asilimia tisini na kitu na NVIDIA imekaa sifuri au moja, tatizo tumeshalipata, gemu inaendeshwa na kadi isiyo yake. Kama NVIDIA haipo kabisa kwenye orodha, basi draiva yake haijakaa, au kadi imezimwa. Na kama NVIDIA ndo imejaa asilimia 99 na bado fremu ni 15, hapo ni habari nyingine, nitaigusa mbele.

Ukiwa hapo hapo bonyeza hiyo GPU ya NVIDIA, angalia chini kabisa pameandikwa toleo la draiva na tarehe yake. Toleo litakuja limeandikwa mfano 31.0.15.3179, usichanganyikiwe, chukua tarakimu tano za mwisho tu, 53179, weka nukta ikae 531.79, hilo ndo jina la draiva kama NVIDIA wenyewe wanavyoliita kwenye tovuti yao. Liandike pembeni, utalihitaji.

Halafu bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter mahali ambapo palitakiwa kuwe na jina la kadi, ujue hakuna draiva ya kweli, Windows imeweka ile yake ya dharura ya kuonyesha picha tu. Ukiifungua utakuta tarehe ya 21 Juni 2006, wala usiogope ukadhani mashine ina virusi, Microsoft wanaziandika draiva zao tarehe hiyo makusudi ili draiva yoyote ya kampuni iliyotengeneza kadi ionekane mpya kuliko yao. Ukikuta pembetatu ya njano bonyeza mara mbili usome namba. Code 22 maana yake kadi imezimwa tu, unabonyeza Enable yameisha, hata bando hujatumia. Code 43 maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu kadi imeripoti hitilafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia kusema imekufa, wakati Code 43 inaletwa pia na draiva iliyoharibika, na huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mpaka uweke draiva safi.

Tiba anza na ile ya bure. Kwenye hiyo hiyo Device Manager, kadi ya NVIDIA, fungua Properties, nenda Driver, kuna kitufe Roll Back Driver. Kama kinabonyezeka bonyeza, Windows itarudisha draiva ya kabla ya ile apudeti, zima uwashe, jaribu gemu. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki basi ya zamani haikutunzwa, inabidi tusafishe tuweke upya.

Kusafisha kwenyewe fanya kwa utaratibu huu na usiruke hatua, maana wengi wanakosea kwa kuweka draiva mpya juu ya ile iliyoharibika na wanashangaa hali ni ile ile. Kwanza daunilodi kila kitu kabla hujafuta chochote. Draiva ya Intel ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa kutumia namba ya modeli iliyo kwenye stika ya chini. Draiva ya NVIDIA ichukue kwa NVIDIA wenyewe, na hapo kwenye kuchagua kuna GeForce 16 Series na kuna GeForce 16 Series ya Notebooks, ya kwako ni hiyo ya Notebooks. Faili lake ni kubwa, mamia ya MB, kwa hiyo subiri bando la usiku au kaa mahali pana Wi-Fi. Ongeza na programu inaitwa Display Driver Uninstaller, watu wanaiita DDU, ni ya bure, inatoka Wagnardsoft, kazi yake ni kufuta mabaki yote ya draiva ambayo kufuta kwa kawaida kunayaacha.

Kabla ya kuendelea hakikisha unaijua paswedi ya akaunti yako yenyewe, sio PIN tu, na kama diski yako imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda mafaili, hakikisha una ile ufunguo wa kurejesha, ipo kwenye akaunti yako ya Microsoft, maana mashine inaweza kukuuliza katikati ya safari na bila hiyo utabaki nje ya mafaili yako mwenyewe. Hapa nasisitiza sana, tatizo la gemu lisije likazaa tatizo la kupoteza kazi zako.

Haya, zima Wi-Fi kabisa. Hii watu wanaidharau lakini ndo siri yenyewe, ukiacha intaneti imewaka, ukishafuta tu draiva Windows inakimbia kukuletea ile ile iliyokuharibia, kabla hata hujafungua faili lako. Shika Shift ukiwa unabonyeza Restart, kioo cha bluu kikija nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4 uingie Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Fungua DDU, chagua GPU, chagua NVIDIA, bonyeza Clean and restart. Ikiwaka weka ya Intel kwanza, zima uwashe, halafu weka ya NVIDIA, chagua Custom na utie tiki kwenye usafi, Perform a clean installation. Kioo kitazima na kuwaka mara kadhaa, usiguse kitu. Ikimaliza zima uwashe tena, ndo urudishe intaneti.

Baada ya hapo ipangie gemu kadi yake kabisa ili Windows isiamue yenyewe. Settings, System, Display, Graphics, tafuta GTA5.exe uiongeze, chagua High performance, hakikisha jina la GTX 1650 ndo limeandikwa pale, hifadhi. Ukifungua gemu nenda kwenye setingi za grafiki za GTA V yenyewe, kuna mstari unaonyesha memori ya video iliyotumika na iliyopo, ukiona jumla iko kama 4096 MB hivi ujue kadi yako imerudi kazini. Na mara ya kwanza baada ya draiva mpya gemu nyingi zinakwama kwama kidogo, hiyo ni kawaida, kuna mafaili madogo ya picha ambayo yalikuwa yameshaandaliwa kwa draiva ya zamani sasa yanaandaliwa upya, cheza kwa muda kwanza ndo uhukumu.

Ili isijirudie, andika kwenye sehemu ya kutafutia device installation settings, ukiulizwa chagua No. Ukiwa na Windows Pro kuna njia yenye nguvu zaidi kwenye Group Policy, inaitwa Do not include drivers with Windows Updates, hiyo iwashe.

Sasa kuna mambo mawili nataka nikuambie kwa moyo kabisa. La kwanza, zile programu za kujitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa kubonyeza mara moja, achana nazo. Nimeshafungua mashine nyingi za watu ambazo ubovu wake ulianzia hapo, zinaweka draiva ya modeli nyingine, zinaleta matangazo, halafu zinakudai hela. La pili, usidhani draiva mpya zaidi ndo nzuri zaidi. Machi 2010 NVIDIA walitoa 196.75 ikavuruga feni za kadi za watu zikapata joto, wakaiondoa wenyewe. 2023 wakatoa 531.18, ukifunga gemu prosesa inabaki inafanya kazi bure, wakaja na ya kurekebisha, 531.26. Kwa hiyo ukishapata toleo linaloendesha gemu yako vizuri, andika namba yake, faili lake litunze kwenye flashi, kaa nalo mpaka uwe na sababu ya kuhama.

Na wasomaji wengine wenye mashine za zamani msije mkafuata hii hatua kwa hatua mkidhani draiva ya leo itakubali. Kadi za Kepler za kompyuta za mezani, yaani GTX 600 na nyingi za 700, zilibaki kwenye matoleo ya 470, NVIDIA walisimamisha draiva za gemu kwa hizo 2021. Laptopu za Intel kizazi cha 4 ambazo zimejaa sana madukani kwetu, Intel walizima DirectX 12, ile njia ya Windows ambayo gemu inatumia kuongea na kadi, kuanzia draiva 15.40.44.5107 kwa sababu za usalama, kwa hiyo gemu inayodai DirectX 12 peke yake ikigoma kufunguka hapo huna kosa lolote, draiva mpya ndiyo iliyoifungia mlango.

Turudi kwako. Ukikuta ile hali ya tatu, NVIDIA imejaa asilimia 99 na fremu bado 15, angalia joto lililoandikwa hapo hapo Task Manager. Kama gemu inaanza vizuri halafu baada ya dakika kadhaa inashuka na joto linapanda, hapo ndo feni na pesti ya joto, ile inayopakwa juu ya chipu kutoa joto, na hiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na bodi. RAM ya pili itakusaidia kweli, GB 8 kwa sasa ni kidogo, ila inaongeza ulaini, haiwezi kurudisha kadi iliyosahaulika.

Ikitokea umefanya usafi wote kama nilivyosema na Code 43 ikarudi, rudia mara moja na toleo la zamani la draiva kutoka kampuni ya laptopu. Ikirudi tena hapo ndo nakubali tuanze kuongea habari za bodi, na hata hapo mtu wa kuipasha moto chipu usimkubali, chipu ikipashwa inaweza kuamka kidogo halafu ikalala moja kwa moja na ikaondoka na bodi nzima. Nitumie picha ya ukurasa wa GPU kwenye Task Manager ukiwa ndani ya gemu, na namba ya Code kama ipo, nitakuambia cha kufanya kabla hujatoa hata shilingi.