Aliyevunjika mkono melini hajaokota dhahabu

Shangazi, umeniuliza mbele ya ukoo mzima, basi nawajibu wote. Mpwa wetu anaishi Texas, mkono ulinaswa kwenye mashine ya kuchuna samaki melini huko Alaska, na kampuni yenyewe iko Seattle. Mnataka kujua kwa nini hashitaki hapo hapo Texas, alipwe mamilioni, mambo yaishe.

Texas si nyumbani kwa kampuni hiyo. Kwa kawaida unaishitaki kampuni ya nje pale iliposajiliwa, penye makao yake makuu, au pale ajali ilipotokea. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wafanyakazi wa reli ya BNSF walioshitaki katika jimbo la Montana, mbali na walikoumia, ingawa treni za kampuni hiyo zinapita huko kila siku. Sheria ya mabaharia ya 1920, Jones Act, imeegemea ile ya reli ya 1908, kwa hiyo hilo linamgusa na yeye. Isitoshe, mikataba mingi ya meli hizi inataja kabisa mahakama ya kwenda. Atafute wakili wa Seattle. Wengi hawadai hela mbele. Wanakata fungu lao, mara nyingi theluthi, wakishinda.

Habari njema ni kwamba hata mpanga trei za minofu anahesabiwa baharia, ilimradi kazi yake ni ya melini. Angekuwa kwenye kiwanda cha nchi kavu, angekuwa chini ya sheria ya jimbo ya fidia kwa wafanyakazi. Baharia anastahili matibabu mpaka afike pale ambapo daktari anasema hakuna nafuu zaidi, na posho ya siku ya kula na kulala, hata kama kosa halikuwa la kampuni. Kampuni ikizembea au meli ikiwa mbovu, hapo ndipo anadai kubwa zaidi. Ana miaka 3 ya kufungua kesi.

Sasa niseme linalonikera. Vijana wetu wakijaza fomu ya afya wanaandika "hapana" kila mstari, hata mwenye mgongo unaouma tangu alipokuwa kuli bandarini, maana wanaogopa kunyimwa kazi. Akiumia mgongo ule ule, kampuni inafukua faili, na posho na matibabu vinaweza kufutwa kwa uongo huo. Mwambieni kijana amweleze wakili ukweli wote mapema, maana upande wa pili utaupata tu.

Tena, kuna mtu wa bima atampigia, mpole kama mchumba, akiomba kurekodi mazungumzo. Asikubali, wala asisaini karatasi yoyote kabla wakili hajaisoma.

Kesi inaweza kuburuta mwaka na zaidi. Posho yenyewe ndogo, kodi ya nyumba haimsubiri, na kazi hawezi. Kwa hiyo, mjomba, ule mchango wa harusi uliomwandikia, mfute kwenye orodha. Niandike mimi.