Eats, Shoots & Leaves: kinafundisha kweli, au kinachekesha tu?

Mleta mada anauliza kama kitabu hiki cha Lynne Truss kinaweza kumnyoosha mtu kwenye uakifishaji wa Kiingereza. Kinaweza, ila sura zinazofundisha hasa ni mbili, ya ritifaa (alama ya ') na ya koma, na zote mbili zinataka usome kalamu ikiwa mkononi.

Kilitoka Uingereza mwaka 2003. Jina lake ni kichekesho cha panda anayeingia mkahawani, anakula, anafyatua bastola na kuondoka zake, kisa kitabu cha wanyama kimetia koma baada ya "eats". Ondoa koma hiyo, panda anarudi kuwa mnyama anayekula machipukizi na majani. Ukikielewa kichekesho hicho bila kuelezwa, Kiingereza chako kinatosha kukisoma chote.

Anza na ritifaa. Sisi tumeizoea ndani ya ng'ombe na ng'ambo, ikiwa sehemu ya sauti. Kwa Waingereza kazi zake kubwa ni kuziba pengo la herufi zilizodondoshwa na kuonyesha umiliki. Kila ukiandika "it's", weka "it is" au "it has" mahali pake. Sentensi ikikataa, andika "its". Truss hana huruma kabisa na kosa hili, na ana haki. Kwa umiliki, andika kwanza mwenye mali kikamilifu, ndipo uongeze alama: boy inakuwa boy's, boys inakuwa boys', children inakuwa children's. Anayeandika "childrens'" amekariri kwamba wingi huweka ritifaa mwishoni, akasahau kuwa children tayari ni wingi. Vipimo vya muda navyo vimo humo. Ndiyo maana Truss anailalamikia filamu ya Two Weeks Notice, iliyopaswa kuwa "Weeks'".

Kwenye koma ndipo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunateleza zaidi. Tukisema "kaka yangu anayeishi Nairobi ni daktari", sentensi haielezi kama nina kaka mmoja au watano. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "My brother, who lives in Nairobi, is a doctor" ina maana kaka ni huyo mmoja, na Nairobi ni taarifa ya ziada. Toa koma zote mbili, Nairobi inageuka kitambulisho cha kumtenga na kaka wengine. Makosa ni ya aina mbili: kuweka koma ya kwanza na kusahau ya kufungia, au kuziweka pale ambapo maelezo hayo ndiyo yanayomtambulisha mtu.

Zoezi zuri limo kwenye kitabu chenyewe. Truss anakitabaruku kwa wapiga chapa wa St Petersburg waliogoma mwaka 1905, wakidai malipo ya alama yalingane na ya herufi. Louis Menand, akikihakiki katika jarida la The New Yorker mwaka 2004, alionyesha kwamba hapo hapo kabla ya "who" koma imekosekana. Fungua ukurasa huo, amua mwenyewe kama kishazi kile ni cha ziada au ni kitambulisho, kisha endelea.

Sura za nuktamkato (;), nuktapacha (:) na dashi zina historia tamu, hasa habari za mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice, lakini kanuni zimetawanyika. Kwa kanuni zilizopangwa, weka pembeni Penguin Guide to Punctuation ya R. L. Trask.

Jihadhari na jambo moja. Toleo la Marekani la 2004 liliachwa na uakifishaji wa Kiingereza cha Uingereza. Kwa mitihani ya Kenya na Tanzania hilo halina shida. Anayemwandikia mhariri au chuo cha Marekani ajue kwamba huko nukta na koma hukaa ndani ya alama za kunukuu hata kama si sehemu ya maneno yaliyonukuliwa, na "Mr" huandikwa kwa nukta.